Kamba Niliyoiacha Mwimbi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa chuoni ananiuliza: "Mwalimu, ulifuata nini Sumbawanga msimu huu wa mvua?" Nimekuwa nikijibu kwa vipande. Mmoja nilimpa habari za tope, mwingine za samaki, na sasa nasikia mkikutana kwenye chai hadithi zenu hazilingani. Basi naiandika yote mara moja. Habari za ruhusa na tiketi naziruka kwa sababu hazina utamu. Na wale mlionitania nisirudi na radi kwenye begi, poleni, sikukutana na mchawi hata mmoja. Aliyeharibu mambo kule ni mimi, miaka mingi iliyopita, na nilikuwa na cheti mkononi.

Simu

Wengi wenu mnamfahamu binti yangu Rehema. Alisomea kilimo kama mimi, na mwaka jana akapangiwa kuwa afisa ugani katika kijiji kimoja nyuma ya Mwimbi, wilaya ya Kalambo. Alipolitaja jina la kijiji moyo wangu ulishtuka, maana ndiko nilikoanzia kazi kabla yeye hajazaliwa. Sikumwambia. Nyumbani kwangu hadithi ilikuwa fupi: Baba alianzia Rukwa, kazi yake ikaonekana, akaletwa Morogoro. Wanangu wamekua na hadithi hiyo, na hata mama yao anaiamini.

Miezi ya mwanzo alikuwa akinipigia kila wiki. Siku moja alipiga huku anacheka. "Baba, hapa kuna kisa cha bwana shamba wa zamani. Alikuwa anatembea na kamba ya bluu na vigingi, anapima mashamba ya watu, anawavunjisha matuta yao ili wapande kwa mistari. Wanamwita Bwana Kamba. Sasa mimi nikipita na futi yangu wananiita mtoto wa Bwana Kamba."

Nilicheka naye. Nilicheka sana, mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kamba ile niliinunua mwenyewe.

Kisha simu zikapungua. Jumatano ya wiki niliyosafiri aliponipigia hakuwa anacheka tena. Kwenye mkutano wake wa mwisho walikuja watu watatu, na mmoja wao alikuja kuuliza kama ameona mbuzi wake. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. "Jumatatu naipeleka wilayani Matai, Baba. Nimeshindwa. Nilifanya kama ulivyonifundisha, mkulima haulizwi, anaelekezwa. Labda mimi sina kipaji chako."

Hilo neno kipaji ndilo lililonipandisha basi. Ningeweza kumwambia ukweli kwa simu, nakubali. Nilijaribu, na ulimi ukakataa.

Morogoro mpaka Mbeya

Siku hii sina mengi ya kuisimulia. Niliketi dirishani tangu alfajiri na kazi yangu ilikuwa kupanga maneno. Mikumi nilikuwa na hotuba nzuri yenye mwanzo na mwisho. Iringa nikaiona ni ya mtu anayejitetea, nikaitupa. Makambako tulikaa muda mrefu kusubiri gurudumu libadilishwe, nikala viazi vya kukaanga visivyokuwa na chumvi na nikaanza hotuba nyingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa inatoka Morogoro mpaka Ufipa, na Mbeya nilikuwa sijafika hata nusu ya aibu yake.

Mbeya mpaka Sumbawanga

Ijumaa asubuhi nilikaa na mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye kikapu kilichofungwa kwa khanga. Anaitwa Leonsia, mkunga mstaafu, anakaa Majengo pale Sumbawanga. Kabla hatujatoka stendi alikuwa ameshajua jina langu, umri wangu na dawa ninayomeza.

Tunduma tulikwama. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamesimama pande zote mbili, na basi letu likawa katikati. Saa ya kwanza abiria walimlaumu dereva, saa ya pili wakailaumu serikali, ya tatu wakanunua mahindi ya kuchoma na kunyamaza. Mimi nilikuwa nikitazama saa kila baada ya dakika chache.

"Unamkimbilia nani, baba?" Leonsia aliniuliza.

Nikamwambia nusu: binti yangu anataka kuacha kazi, na Jumatatu ndiyo mwisho.

Akatafuna mahindi yake kwanza. "Mimi mwaka wa kwanza nilitaka kuacha," alisema. "Nilikuwa nawafokea wale wamama wakilia uchungu. Nilidhani kufoka ndiyo kazi yenyewe, maana waliotutangulia walifoka. Siku moja mama mmoja akanishika mkono hapa, akasema, nesi, kaa tu. Nikakaa. Basi. Nilichelewa kujua kwamba muda wote walikuwa wanataka nikae."

"Ungejua mapema ungefanyaje?"

"Ningekaa mapema," akajibu, akanishangaa kidogo.

Kutoka Tunduma barabara ni lami nzuri siku hizi. Zamani nilipita njia hii juu ya lori la chumvi, siku mbili, na vumbi mpaka kwenye kope. Baada ya Laela nchi ilifunguka, majani ya kijani kila upande, na kabaridi kale nilikokasahau kakaingia dirishani. Nilifurahi kukaona, halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Sumbawanga tulifika jua linaelekea kuzama. Leonsia hakuniacha stendi. Alinipeleka mpaka nyumba ya wageni ya jirani yake, akamwagiza mwenye nyumba anipikie. Niliwekewa ugali wa ulezi na migebuka iliyokaushwa, samaki wa Tanganyika, imeungwa kwa karanga. Nilipokuwa bwana shamba nilikuwa naukataa ugali ule mweusi, naagiza unga wa sembe kutoka mjini. Wale wenyeji wangu wa zamani walinitazama nikila sembe yangu peke yangu mwaka mzima. Safari hii niliomba niongezwe.

Majengo mpaka Mwimbi

Jumamosi nilipata nafasi mbele kwenye pikapu iliyobeba magodoro na mabati. Dereva alikuwa kijana wa mjini, kila tukipishana na mtu ni "mambo" na "poa mshikaji," lakini barabara ya udongo ilipoanza alinyamaza akashika usukani kwa mikono miwili. Tulifika bonde moja, maji yamepita usiku, na gari likazama mpaka ekseli.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na boma la Wasukuma na ng'ombe wengi wakubwa. Nikavua viatu nikaenda kuomba msaada. Mzee wa pale, Masanja, alinitazama kuanzia shati mpaka kalamu iliyokuwa mfukoni.

"Umekuja kuhesabu ng'ombe?"

"Hapana, mzee mwenzangu. Gari limekwama."

"Wa kuhesabu naye mwaka jana gari lake lilikwama hapo hapo."

Nilieleza, hakuniamini. Nikaitoa kalamu nikampa mkewe. Nikasema namfuata binti yangu, bibi shamba wa kijiji cha mbele, ana huzuni na mimi ndiye niliyemsababishia. Hapo uso wake ukalegea. "Yule binti wa futi," akasema. "Anatembea kama ana haraka ya kwenda kwao." Akaita wanawe, wakafunga ng'ombe wanne kwa minyororo.

Tukisubiri tulipewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Masanja akasimulia alivyohamia kutoka Shinyanga. "Mwaka wa kwanza niliwaomba Wafipa nilishie kwenye mabua yao baada ya mavuno. Nilieleza vizuri, wakanipigia makofi, hivi." Akakutanisha viganja taratibu, mara tatu. "Nikajua wamekubali, nikaingiza ng'ombe. Ilikuwa kesi kubwa. Kumbe yale makofi ni salamu, wanamheshimu mgeni aliyesema. Jibu lenyewe hulipata baadaye, ukirudi kuuliza. Miaka minne nilidhani wananichukia."

Nikakiweka kibuyu chini. Ripoti yangu ya kwanza ya kazi naikumbuka neno kwa neno: wananchi wamepokea ushauri kwa makofi na wamekubali kuacha matuta. Walikuwa wamenisalimia tu.

Gari lilipotoka nilimshukuru Masanja kwa viganja, taratibu, mara tatu. Akacheka.

Shambani kwa Bibi Skolastika

Rehema alikuwa amepanga chumba kwa bibi mmoja. Nilipofika uani nikamkuta anakunja nguo kitandani, mlango wazi. Alinikumbatia kwa nguvu, halafu akasema, "Umekuja kunizuia."

"Nimekuja kukuona," nilisema, na huo nao ulikuwa uongo kidogo.

Kabla sijakaa mwenye nyumba akaingia, fimbo mkononi, rozari shingoni. Nilimtambua mara moja. Ni Skolastika, mwanamke niliyemvunjisha matuta kwanza kuliko wote, kwa sababu shamba lake lilikuwa kando ya barabara na nilitaka wakubwa waone wakipita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama muda. "Wewe ndiye baba wa huyu?"

"Ndiye mimi. Baba Rehema."

"Karibu, Baba Rehema. Leo ni kazi yangu, majirani wananilimia shambani. Mgeni wa Ufipa siku ya kazi anapewa jembe kwanza, chakula baadaye. Na wewe binti njoo, nguo zitakusubiri."

Niwaeleze kazi yenyewe, maana nyinyi mnayo kwenye vitabu tu. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi zikiwa ndefu na mbichi, Wafipa hawachomi. Unakata udongo pamoja na nyasi, unaufunika kichwa chini kwa kuzungusha, mpaka linatoka tuta la duara linalokufika gotini. Wao wanaliita intumba. Ndani nyasi zinaoza, juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unalibomoa, unalitawanya, na hapo ndipo unapanda ulezi au mahindi kwenye udongo mweusi usiohitaji kununuliwa chochote. Mimi nilikuja na miaka yangu ishirini na mitano nikaliita lile tuta uvivu wa kupima.

Tulikuwa watu kama ishirini, kila mmoja na upande wake. Rehema alishika jembe kwa mara ya kwanza kijijini hapo katika miezi saba, na wanawake wakamtazama kwa jicho la pembeni. Mimi nikainama nikalima. Niliona nifanye kazi kwa bidii, jioni nitasema. Jasho lilinitoka, mgongo ukalia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilijisikia nafuu.

Niliponyoosha mgongo watu walikuwa wamesimama. Wananitazama. Nikageuka kuona walichokuwa wanatazama.

Matuta ya wenzangu yalikuwa yamesambaa mteremkoni, moja hapa, moja kwenye mwanya wa mawili yaliyo juu yake, kila moja pale nyasi zilipojaa. Yangu yalikuwa kumi na moja, yamenyooka kutoka juu mpaka chini kama wanafunzi wa paredi.

Bibi Skolastika alikuja polepole na fimbo yake. Akalitazama la kwanza, akalifuata la mwisho kwa macho. "Mvua itakushukuru," akasema. "Umeichongea barabara." Kisha akanigeukia. "Uani nilikuwa sina hakika. Umenenepa. Karibu tena, Bwana Kamba."

Hakuna aliyecheka. Nilimtafuta Rehema kwa macho. Alikuwa ameshaweka jembe chini.

Nilimkuta nyuma ya mti wa mkaratusi, amekaa kwenye mzizi. Hotuba zangu zote za Mikumi na Iringa hazikuwepo.

"Siku ile kwenye simu ulicheka," akasema.

"Nilicheka."

"Uliniacha nimcheke mtu, kumbe ni wewe. Uliniacha nifundishe watu wale wale kitu kile kile."

Nikamwambia yote. Kaya kumi na mbili zilinifuata. Mbolea niliyowaahidi haikufika. Mvua ilikuja nyingi, ikapita kwenye mistari yangu iliyonyooka na kuondoka na udongo, mahindi yakawa ya njano yakiwa yamefika kwenye goti. Alisikiliza bila kunitazama. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kuniuliza.

"Ulipojua umekosea, kesho yake ulifanya nini?"

"Niliandika barua ya kuomba uhamisho."

"Hukwenda kuyaona?"

"Sikwenda."

"Uliandika sababu gani?"

"Sababu za kifamilia. Sikuwa na mke wala mtoto."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sketi akatoa bahasha iliyokunjwa, akanipa. Niliisoma nimesimama. Mstari wa pili uliandikwa: kwa sababu za kifamilia. Mwandiko wake umefanana na wangu, hata ile herufi ya k ninayoivuta mkia. Nililia, nisiwafiche. Yeye hakulia. Aliichukua bahasha yake akaenda zake nyumbani.

Jumapili

Baada ya misa nilikwenda kumwomba radhi Bibi Skolastika uani kwake, Rehema akiwa amesimama mlangoni. Nilichuchumaa kama wenyeji wanavyofanya, nikakutanisha viganja, nikasema niliyokuja kuyasema. Yalikuwa maneno machache na yalichukua muda mrefu.

Aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo. "Mwaka ule mwanangu Desderi aliacha shule," alisema. "Akaenda ziwani Kipili kuvua. Alikuwa na akili sana ya darasani."

"Yuko wapi sasa, mama?"

"Yuko huko huko. Ana mitumbwi miwili na mke mzuri. Dagaa utakaokula leo ni wake." Akapuliza makapi. "Sisi hatukukuchukia kwa ajili ya mahindi, bwana shamba. Mahindi hufa. Mvua imetuulia mara nyingi, na matuta yapo. Tulikaa tukikungojea uje uyaone. Tulisema kijana wa watu atakuja, tumpe pole, tumwonyeshe maji yanavyopita. Hukuja. Tukasikia umepanda lori."

Nilikuwa tayari kwa hasira. Sikuwa tayari kusikia kwamba walikuwa wameniandalia pole.

"Kamba yako uliisahau," akaongeza. "Ilimfunga mbuzi wangu miaka mingi. Ilikuwa kamba nzuri."

Hapo Rehema alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka, akaingia ndani. Chakula kilipowekwa alinisogezea dagaa wa Desderi.

Kurudi

Jumatatu asubuhi pikapu ilikuja mapema. Chumba cha Rehema kilikuwa wazi, hayumo. Begi lake lilikuwa juu ya kitanda, bahasha sikuiona. Nilijua gari la Matai nalo hupita asubuhi. Dereva akapiga honi mara mbili, na sikuwa na haki ya kumsubirisha mtu.

Tulipopita kando ya shamba la Bibi Skolastika nilimwomba apunguze mwendo. Alikuwepo Bibi mwenyewe, anaonyesha kitu kwa fimbo, na Rehema mbele yake ameinama na jembe. Alikuwa ametengeneza matuta manne, yamepinda kila moja na njia yake, mabaya kuyatazama. Hakuinua kichwa. Nikasikia anauliza jambo, na Bibi anajibu kwa urefu. Sikuomba gari lisimame.

Mengine mnayajua: Tunduma foleni, Mbeya baridi, na nyumbani mke wangu alinisikiliza hadithi ile ya kweli na kuniambia sahani zangu nitaosha mwenyewe wiki nzima. Naendelea kuziosha.

Kuna aliyeniuliza juzi kama nikistaafu nitawaambia nini vijana wa mwaka wa kwanza. Nilitaka kumpa orodha, nimezoea orodha. Lakini usiku wa kuamkia leo Rehema alituma ujumbe kwamba atanipigia asubuhi, na amenipigia nikiwa naandika ukurasa huu.

"Baba, jana mvua imenyesha kubwa sana. Matuta yako yote kumi na moja yamekwenda na maji. Bibi alikuwa ameshapanda maharage."

"Pole, mwanangu. Mwambie Bibi pole."

"Nimeshamwambia," alisema. Nyuma yake nilisikia watu wanaongea Kifipa na majembe yanagonga mawe. "Nilikuja kuyaona leo asubuhi."